Lebo Elfu Tatu

Mchapa lebo wa stoo ya dawa hakuwa mtu wa maneno. Kila asubuhi alifungua jedwali kwenye kompyuta, akachapa lebo tano za majaribio, akazipitisha moja moja kwenye kisomeo cha mistari ya msimbo, ndipo akaiachia printa iendelee. Vidole vyake vilinata gundi siku nzima, na akikasirika aliikwangua kwa kucha, kimya. Siku hiyo aliikwangua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Meneja alikuwa amepanga upya safu ya majina ya dawa kwenye jedwali, akaiacha ya namba vilevile, majina na namba vikapishana, kisha akachapa lebo elfu tatu. Kwenye kisomeo, mistari ya lebo ya dawa ya kifua ya watoto ilisomeka dawa ya presha.

“Bandika tu, dada, gari linasubiri,” meneja alimwambia. “ Tutasawazisha mbele ya safari.”

“Mbele ya safari kuna mtoto wa mtu, bosi!” Wapakizi wa gari waligeuka, hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. “Bandika wewe, kwa mkono wako, na utie sahihi kila boksi!”

Meneja alilishika roli la lebo, akalitazama, akalirudisha mezani. Mchapa lebo akalichana vipande, akaketi kuipanga safu upya. Gari lilisubiri hadi alasiri, na hakuna aliyethubutu kumwambia afanye haraka.