Viti Arobaini vya Semina

Sista Atupakisye amezalisha nusu ya watoto wa Makandana, wakiwemo wangu wawili, na kazi yote hiyo aliifanya akiwa amesimama. Simsifu kwa hilo. Kwa miaka kumi na minane wodi yake ya wazazi ilikuwa na kiti kimoja tu cha mbao, na kilikuwa cha daktari. Daktari alipita mara mbili kwa wiki. Siku zilizobaki kiti kilipumzika na sista akasimama, maana katika hospitali ile (jina nalihifadhi, nisije nikanyimwa dawa) muuguzi aliyeonekana amekaa alihesabiwa mvivu.

Miguu yake ilikuwa imetoka mishipa minene kama kamba za kufungia ng'ombe. Tulikuwa majirani, na jioni nilimkuta barazani ameinyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa, hana hamu hata ya kusalimia. Siku moja akaniambia wazi kwamba hataki cheo wala sifa. Akipata mahali pa kukaa wakati mama anasubiri uchungu ukolee, atafanya kazi pale mpaka astaafu. Akikosa, ataacha mwaka huo huo au unaofuata.

Basi mwaka tisini na tano ikaja semina. Miaka ile ya mageuzi kila kitu kilikuja kwa semina. Wataalamu walitoka Dar es Salaam kwa gari jeupe kuja kufundisha jinsi ya kuinua ari ya wauguzi. Katibu wa hospitali, Bwana Jotham, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni, akawanunulia viti arobaini vya plastiki, vipya kabisa. Mtunza stoo wake, Isakwisa, akaviandika vyote mgongoni kwa rangi nyekundu: SEMINA.

Ari ilijadiliwa siku tatu. Wauguzi wenyewe hawakuhudhuria kwa sababu walikuwa zamu. Ikaazimiwa kwamba kuwe na sanduku la maoni, na kila mwaka achaguliwe muuguzi bora. Kisha viti vikafungiwa stoo.

Sista akatumbukiza karatasi sandukuni: anaomba kiti kimoja. Baada ya miezi miwili akajibiwa kwa barua yenye mhuri kwamba maoni yake ni mazuri na kamati imeyapokea. Akamfuata Isakwisa. Isakwisa akamwonyesha viti kupitia dirisha la stoo, vimepandiana karibu na dari, akamweleza kwa utaratibu kabisa kwamba hawezi kutoa kiti cha semina kwenda wodini, maana semina ikija vitakuwa thelathini na tisa. Mimi ningemtukana. Sista alimshukuru, akarudi kazini.

Mwaka uliofuata akachaguliwa muuguzi bora, nami nikaenda kumshangilia. Viti vilitolewa. Wakavikalia wageni, wakavikalia wake wa wageni, na kimoja kikawekewa mkoba wa mgeni rasmi. Bwana Jotham akasoma risala ndefu juu ya moyo wa kujitolea, mvua ikipiga turubai, na muuguzi bora akasimama pembeni saa nzima na robo akisubiri cheti. Nilikuwa na hasira siku ile, na bado ninayo.

Wiki hiyo hiyo aliitwa na Yussuph, mfanyabiashara wa vitenge wa Bulyaga, ambaye alikuwa amefungua zahanati baada ya watu binafsi kuruhusiwa. Yussuph hajahudhuria semina maishani mwake. Sista aliingia ofisini kwake akasimama mikono nyuma, kama alivyozoea.

"Kaa kwanza, sista," Yussuph akasema, "ndipo tuzungumze."

Alikubali kazi siku ile ile, kabla hata hajauliza mshahara.

Wakamfuata wenzake wanne. Hospitali ikashtuka, ikaitisha semina nyingine: kwa nini wauguzi wanaacha kazi. Sista akaalikwa kutoa uzoefu wake, akaja na mimi nikimsindikiza. Wakamketisha mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki. Bwana Jotham akamwuliza, na naamini alitaka kweli kujua, ni kitu gani kingemfanya abaki.

Sista akainuka taratibu. Akakigeuza kiti mpaka maandishi mekundu yakawaelekea watu wote.

"Hiki," akasema.

Bwana Jotham akachomoa kalamu mojawapo, akaandika kwamba mazingira ya kazi yaboreshwe. Tukanywa soda, tukafunga kwa sala. Isakwisa akakusanya viti, akavihesabu, akapata arobaini, akafunga stoo. Tupokigwe, binti aliyechukua nafasi ya sista wodini, alikuwa ametoka mara moja kuja kusikiliza mlangoni. Aliitazama ile kufuli, kisha akarudi wodini kusimama.