Mgongo Nilioufuata Kilimani

Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sikuwa nimelewa. Wakati ule pombe nilikuwa sijaionja hata kwa ulimi. Wengine wakifika katikati ya kisa hiki hucheka. Wewe nawe cheka ukitaka, ila usiondoke kabla sijamaliza.

Ilikuwa miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Kwetu ni karibu na Kolandoto, nchi ya pamba na ng'ombe, ambako maji tunayachimba mchangani. Nilipomaliza darasa la saba nilikwenda kukaa kwa mjomba wangu upande wa Geita, kando ya ziwa, kwa sababu moja tu: nilitamani kusafiri majini. Wavuvi walinifanyia mzaha. "Wewe wa Shinyanga, ziwani unafuata nini? Ng'ombe wako wamezama?"

Basi siku moja akaja Bwana Henriki, Mzungu mpole mwenye ndevu nyekundu. Alikuja na mtumbwi wa ajabu, mbavu za mti zilizovikwa turubai, na kafi lake lina bapa huku na huku. Alitaka kupita kwenye ghuba na visiwa vyake, kisha apande kwa miguu vilima vya porini visivyokaliwa na mtu. Akaniajiri nikae mbele nipige kafi, na nchi kavu nibebe mizigo. Wa kutuongoza alikuwa Lubango, mvuvi wa pale kijijini, katika mtumbwi wake mwenyewe. Alipokiona chombo chetu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mnapanda gunia! Viboko wakiwaona watawasimulia watoto wao."

Kisha akaacha mzaha. "Mimi nitakuwa mbele. Mkichanganyikiwa, tazameni mgongo wangu, shati hili la njano, basi."

Siku za mwanzo zilikuwa tamu, niamini. Jioni, tukiota moto, Bwana Henriki alitusimulia kwamba kwao hupiga kafi kati ya milima ya barafu, na mapande makubwa kama nyumba hukatika yakaanguka baharini kwa kishindo. Lubango alisema mgeni anatupima akili. Mimi niliamini yote. Barafu niliyoijua ni ile ya kijiti, ya kufyonza, na usiku ule niliota mlima mzima wa namna hiyo, mwekundu, wa sharubati.

Halafu homa ikamshika Bwana Henriki. Ilianza asubuhi kwa kutetemeka, na mchana akawa hawezi kushika kafi. Lubango akampapasa shingo, akanitazama bila kucheka. "Zahanati iko nyuma ya kilima kile. Tukishukia kwenye ghuba ndogo kuna njia. Akilala porini leo, huyu tutamzika. Piga kafi, mdogo wangu."

Nilipiga kafi kama mwendawazimu. Jua linazama, wakainuka wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi. Wakatufunika. Waliingia puani, masikioni, kila mahali. Walipopita, giza limeshaingia na Lubango haonekani. Niliita mpaka sauti ikakauka. Mara nikauona mgongo wake mbele yangu, lile shati la njano lenye kiraka begani. Nikamshukuru Mungu, nikaufuata.

Alishuka nchi kavu akaanza kupanda, nami nikashuka. Nilimfunga Bwana Henriki mgongoni kwa shuka, kama mama anavyombeba mtoto, ila mtoto huyu miguu yake ilikuwa ikiburuzika. "Kaka Lubango, ngoja!" Akapunguza mwendo tu. Mawe, miiba, tunapanda. Bwana Henriki akawa anasema masikioni mwangu, "Barafu. Tunapita kwenye barafu." Na kweli kulikuwa na baridi! Pumzi yangu ilikuwa inatoka mvuke. Geita hiyo, wewe umewahi kuona?

Mwishowe nikaegemea mwamba. "Kaka, nipokee kidogo." Mgonjwa hubebwa kwa zamu, nani asiyejua hilo?

Alisimama. Hakugeuka. Akasema kwa sauti ya Lubango, lakini ndogo, kama inatoka ndani ya mtungi: "Mtue huyo. Unibebe mimi."

"Wewe si mzima, kaka?"

"Nimechoka. Hakuna aliyenibeba. Mtue."

Halafu akalia. Mabega yalikuwa yakitikisika chini ya shati. Mimi kilio cha mtu mzima hunimaliza nguvu. Nilisimama pale sijui nishike lipi. Ni Lubango? Ameugua naye? Kama si yeye, ni nani? Shingoni mwangu Bwana Henriki alikuwa anachoma kama jiko, na nilijua nikimtua sitaweza kumwinua tena.

"Siwezi kumtua," nikasema. "Lakini pita nyuma, ushike shati langu. Twende wote."

Akanipita. Ningeweza kumtazama uso, sikumtazama. Niliangalia chini. Kisha nikasikia shati linavutwa nyuma kiunoni, na vidole vya baridi vikagusa ngozi yangu.

Hapo ndipo niliposikia debe likigongwa upande wa kushoto, na watu wakiniita jina. Nikaiendea ile sauti. Nikaona chemli zinakuja, na aliyetangulia ni Lubango mwenyewe, kifua wazi!

"Ulikuwa wapi? Shati nimelifunga kwenye mti pale ghubani mlione, nimewasubiri, nimekimbia kuita watu!" Akampokea Bwana Henriki, akawakabidhi wenzake wakaondoka naye mbio. Kisha akainua taa. "Na huyo nyuma yako ni nani?"

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Lakini Lubango alikuwa bado anatazama pale pale. "Twende," akasema. "Twende, usigeuke tena."

Bwana Henriki alipigwa sindano, akapona. Na unajua aliniambia nini? Kwamba anakumbuka kubebwa na watu wawili, mmoja alimweka mgongoni, na mwingine, huko mbele ya safari, alimshika miguu isiburuzike. Asubuhi tuliporudi kutazama nilikopanda, hapakuwa na njia, miamba mitupu, na shati la Lubango liko mtini ghubani. Mke wa mjomba alisema zamani wachimba dhahabu walipita kilima kile wakimbeba mwenzao mgonjwa, wakamtua wapumzike, wakamwacha. Mjomba akasema hakuna kitu kama hicho. Lubango aliacha kuongoza wageni, na alichokiona hajakisema mpaka leo.

Mimi sijui. Ila nikitembea jioni na mzigo mzito, shati langu huvutika kidogo nyuma, kola ikanibana koo. Mke wangu ameliona kwa macho yake. Huwa sisimami, wala sigeuki.

Kwa hiyo wewe unayesoma, usimfuate mtu gizani kabla hujamwona uso. Na ukiwa umembeba mgonjwa, usimtue njiani, hata aliye mbele yako akulilie namna gani. Ila huyo anayelia usimtukane wala usimfukuze. Mpe shati lako ashike, mwende.