Shada la Mzee wa Parklands

Shida ilinianza mwaka wa 1976, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alikufa, shule ikaishia darasa la tatu, nikaenda kubeba matumbo ya mbuzi kichinjioni Dagoretti. Sifichi. Hadi leo nasoma kwa kidole, lakini mbao naijua kwa kuinusa tu.

Baadaye nikajifunza useremala. Mama mmoja mchoraji alinikuta nikiunda viti kando ya barabara, akanifanya fundi wake wa fremu. Wakubwa wa Nairobi walikuwa wakimiminika kwake mjini awachore. Hakubembeleza mtu. Mheshimiwa mmoja aliomba kitambi chake kipunguzwe, akaambiwa, "Umekilisha miaka yote hiyo, leo unakikana?" Tena katika kila picha alianza kuchora mikono. Uso, alisema, umeshazoea kudanganya.

Siku moja alimaliza picha ya mzee Mhindi wa Parklands, muuza vitambaa. Miezi mitatu ya kazi. Nikatumwa nitangulie kuitundika sebuleni kwao kabla ya wageni. Sasa, madukani mwa Wahindi nilikuwa nimeona picha za wazee zimevishwa maua, nikajua hiyo ni heshima. Nikanunua shada karibu na hekalu, kwa pesa yangu, nikaivisha picha, nikafunika na shuka.

Shuka ilipovutwa, bibi ya mzee alipiga nduru. Kumbe maua yale huvishwa picha ya marehemu! Na mzee mwenyewe amesimama pale na fimbo yake.

"Nani amefanya hii?" kijana wake akafoka. "Toa hiyo picha! Toa na huyu mtu!"

Nilijua kazi imeisha. Lakini mama mchoraji alikuja akasimama kando yangu.

"Ni fundi wangu. Mimi ndiye sikumfundisha. Mkitoa picha, tunatoka wote."

Mzee alikuwa ameisogelea picha, anaangalia mikono. Hata kovu la mkasi kwenye kidole gumba lilikuwepo. Akageuka.

"Fundi, nimekufa lini?"

"Bado, mzee."

"Basi lete maua yangu. Aliye hai huvaa shingoni."

Akainama, nikamvisha. Picha ikabaki ukutani, na mimi nikabaki kazini miaka ishirini na sita.

Leo nina karakana Dagoretti, misumeno miwili ya umeme, nyumba ya mawe ya vyumba vinne, ng'ombe watatu, na picha yangu aliyonichora mama huyo, mikono mbele. Haina maua.