Dawa niliyopaka kwenye gari la baba mkwe

Admin, naomba ufiche jina langu, maana wifi zangu wote wanafuata ukurasa huu, na mmoja wao hupenda sana kutoa ushauri kwa wenye shida. Leo asome na yangu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, niko hapa Goma, nina watoto watatu. Nyumba yetu iko katika kiwanja cha baba mkwe. Kwetu ni Rutshuru, wao ni watu wa Butembo, na katika miaka tisa ya ndoa mama mkwe hajawahi kunikosea adabu, ila hajawahi pia kula chakula nilichopika kabla sijakionja mbele yake. Nilizoea. Mtu huzoea mengi akipenda mume.

Baba mkwe ana gari jeusi ambalo hamwachii mtu yeyote, hata mwanawe. Mwezi uliopita alipanda boti kwenda Bukavu kwa wiki moja. Jumamosi ile mume wangu akachukua ufunguo kimyakimya, akaliingiza gari katika msafara wa harusi ya rafiki yake. Wakabandika maua na utepe kwa skochi, ile karatasi ya gundi, kwenye kapo, kile kifuniko cha injini. Gari lilirudi na gundi imeng'ang'ania. Akaisugua kwa petroli, gundi ikatoka, rangi ikabaki imefifia. Jumatatu akanunua sokoni Birere kikopo cha dawa ya kung'arisha gari, akanikabidhi akiwa anakimbilia kazini. Akaniambia, "Mama watoto, paka hii dawa ku kapo yote, kisha upanguse. Papa asione kitu." Hakuniambia kwamba hupakwa kidogo kidogo, kivulini, na kufutwa kabla haijakauka. Mimi nikaipaka kama ninavyompaka mtoto mafuta, kapo nzima, jua likiwaka.

Mara jirani akapiga kelele kwamba maji yamekuja bombani. Anayeishi Goma anajua: ukisikia hivyo unaacha hata sufuria motoni. Nikabeba bidoni, madumu yangu ya maji, nikapanga mstari. Niliporudi dawa ilikuwa imekauka, imekuwa mabaka meupe kama ukoko wa uji. Nikasugua kwa kitambaa chenye maji. Vumbi letu hili la volkano linakwaruza, nikaogopa, nikaacha.

Ndipo nikampigia simu dada yangu mkubwa aliye Bunagana, kwa sababu mume wake ni dereva wa lori na anajua mambo ya magari. Nilisimama uani nikasema maneno ambayo sitayasahau: "Yaya, ile dawa nilipaka ku gari ya papa mukwe inakatala kutoka. Imekamata kabisa." Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukanyamaza. Sikutilia maanani.

Baba mkwe alirudi siku iliyofuata, akaona mabaka, akauliza. Mume wangu akamwambia ni jua. Siku tatu baadaye, mzee akiwa mezani, mdomo ukapinda na mkono wa kulia ukalegea. Daktari alisema wazi kwamba ni presha, mzee alikuwa ameacha vidonge vyake. Nani alimsikiliza daktari? Mama mkwe alikuwa tayari na maelezo yake.

Familia ikakaa. Mama mkwe akasimulia ile simu neno kwa neno, hakuongeza hata moja, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nilieleza kwamba ni dawa ya kung'arisha rangi. Baba mdogo wa mume wangu akauliza nani alinituma kuipaka. Nikamgeukia mume wangu, nikamngoja. Watu wote wakamngoja. Akaangalia viatu vyake, akasema, "Miye sijue mambo ya dawa."

Miaka tisa, jamani. Watoto watatu.

Tulipobaki wawili akalia. Anasema mzee akijua kwamba gari lake lilikwenda harusini kwa siri, hasira itammaliza, na daktari amekataza asiudhiwe. Ananiomba nivumilie. Picha za harusi zipo, gari linaonekana vizuri sana, lakini nikizitoa na mzee akaanguka tena, nitakuwa nimemuua kweli. Nami nampenda yule mzee. Ndiye pekee aliyekuwa anakula chakula changu bila kuniangalia mdomo.

Sasa familia imetoa uamuzi. Mama mkwe alisimama mlangoni kwangu na kusema, "Weye njo uliiweka, weye njo utaitoa. Jumapili tutaangalia." Siku hiyohiyo shemeji, mume wa dada, alirudi kutoka safari ya lori na jibu lake likafika kutoka Bunagana: paka tena dawa ileile juu ya ile iliyokauka, inalainika, uifute hapohapo kwa kitambaa laini. Dada akanitumia kikopo. Nimejaribu pembeni, karibu na kioo, upana wa vidole viwili. Ilitoka mara moja, rangi ikang'aa.

Nilipoona imetoka nikafunga kikopo haraka, nikakificha chini ya kitanda. Wifi zangu wamekwisha kusema kwamba mabaka yakitoka mkononi mwangu, basi ni mimi niliyemfunga mzee, maana afungaye ndiye ajuaye kufungua. Na yasipotoka, wanasema nimekataa kumwachilia, nirudi kwetu, watoto wabaki.

Leo ni Ijumaa. Mume wangu ameniuliza tu kama nimepiga pasi shati lake la Jumapili.

Ndugu zangu, nishaurini bila kunitukana. Niifute, au niiache?