Plaiwudi ya Uganda Iliyombeba Kaka Yangu

Zamani plaiwudi ilitoka kwetu kwenda Uganda. Siku hizi inatoka Uganda kuja kwetu. Mimi nauza ya Uganda katika hadwea yangu hapa Nakuru, na kwa hilo kaka yangu mkubwa aliniita msaliti mbele ya wateja.

Alikuwa na haki ya kukasirika, sikatai. Alizeekea kiwandani, kwenye mashine ya kubana tabaka za mti na gundi mpaka ziwe ubao mmoja. Nilipokuwa msichana, malori ya Uganda yalipiga foleni pale langoni, na madereva walimnunulia chai ili awapakilie mapema. Kisha serikali ikafunga msitu usikatwe, miti ikakosekana, kiwanda kikalala. Waganda nao walikuwa wamepanda mikaratusi yao, ikakomaa, wakaweka mashine. Lori likageuza kichwa, basi. Ningefanya nini, niuze hewa?

Yeye hakutaka kusikia. "Takataka," alisema. "Hiyo haiwezi kubeba hata mbwa."

Siku moja lori la plaiwudi lilifika dukani mchana, nikiwa bado nakula. Nikasikia kioo kikipasuka. Nilipotoka, kaka alikuwa amesimama na panga, amelewa, kioo cha mbele kimekwisha. Dereva, mzee mwenye adabu zake, mmoja wa wale waliomnunulia chai, alishuka mikono juu. "Ssebo, bwana, tuongee," alimwambia. Kaka akampiga usoni kwa ubapa wa panga. Meno mawili yalianguka kwenye changarawe.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Niliokota kipande cha bomba nikamchapa kaka mgongoni kwa nguvu zangu zote, na hadi leo nasema alistahili. Aligeuka akaniangalia kama hanijui. Nilidhani sasa ni zamu yangu. Lakini akaruka ubavuni mwa lori, akaanza kukata kamba za mzigo.

Nilimpigia kelele aache. Mzigo ulikuwa umeegemea upande wake, na mtu aliyepakia malori maisha yake yote anajua kwamba hapo ni kamba tu inayokuokoa. Kamba ya mwisho ilipokatika, plaiwudi ilimporomokea yote kwa pamoja. Nilisikia mifupa ikivunjika. Sauti hiyo bado inaniamsha.

Tuliitoa ubao kwa ubao, mimi, maseremala wa jirani, na yule dereva, damu ikimtiririka kidevuni. Miguu ya kaka ilikuwa imepondeka, mmoja umeangalia nyuma. Machela tungeitoa wapi? Dereva akavuta plaiwudi moja kutoka kwenye lile rundo, akailaza chini, akatuashiria tumweke hapo.

Tulimbeba mbio kwenda hospitali, dereva akiwa ameshika upande wa kichwa. Kaka ni mtu mzito. Alikuwa amekamata kingo za ubao kwa mikono yote miwili.

"Itavunjika," aliniambia akilia. "Nishike, itavunjika."

Haikuvunjika. Hospitalini walimkata mguu mmoja.

Sasa anashinda dukani kwangu, magongo yake yameegemea ukuta. Juzi fundi mmoja alikuja kutafuta plaiwudi ya kitanda, akauliza kama hii ya Uganda inaweza kubeba mtu. Nilimgeukia kaka. Kaka alipapasa lile paja lililobaki fupi.

"Inabeba," akasema. "Chukua."