Projekta Kwenye Reli ya Taa

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwa wakubwa na wadogo alikuwa Tabasamu, kwa sababu kabla ya kubonyeza kamera yake alilitamka neno hilo kwa sauti nene ya kuamrisha, na watu walitabasamu hata kama wamekuja kupiga picha ya pasipoti, ambayo haitaki kuona meno. Ilibidi awarudie, na kuwarudia hakukumchosha.

Alikuwa na neno lake jingine pia, na hilo ndilo lililomletea wateja. Mtu akiketi kwenye kigoda cha studio akaanza kuhangaika, mara ainue kidevu, mara avute bega, mara aulize atazame wapi, Tabasamu alimwambia, "Usisogee wewe. Nitasogeza taa." Kisha alizishika taa zilizoning'inia kwenye reli ya chuma iliyokatisha dari kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia, akazivuta huku na huku, krrr, krrr, mpaka uso wa mtu ukakaa sawa. Wengi walitoka pale wakiamini kwamba wao ni wazuri, na labda ni kweli.

Halafu simu zikaja na kila mtu akawa mpiga picha. Studio, ambayo ilikuwa chumba kirefu chembamba nyuma ya nyumba yake, ikafungwa. Kigoda kilibaki, na pazia, na reli. Tabasamu anasema hakulia. Mkewe anasema vingine, lakini yeye hutia chumvi.

Mkewe huyo ndiye Sista. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto hadi alipostaafu, na mtaa mzima ulimwita Sista, mumewe naye akimo, maana alianza kumwita hivyo wakati wa uchumba na mdomo ukazoea. Sista ni mashoto. Wodini hilo lilikuwa na faida yake: watoto waliuchunga mkono wake wa kulia kwa macho makali, sindano ikaja kutoka kushoto. Mezani lilikuwa na hasara yake, kwa sababu anayekaa kushoto kwake hupigwa viwiko. Basi Tabasamu tangu walipooana alikaa kulia kwake. Alikaa hapo miaka mingi kiasi kwamba alisahau kama kulikuwa na sababu.

Gofu iliingia nyumbani kwa bahati. Hospitali iliandaa mashindano ya kuchangia vitanda, timu moja ikapungukiwa na mtu, wakamburuta Sista. Mpira wake wa kwanza uliingia kichakani. Wa pili ukapaa, ukapaa, ukatua pale pale alipokuwa anatazama, na tangu siku hiyo mwanamke huyo akawa hashikiki. Jumamosi zake zote zilikuwa za uwanjani. Alirudi jioni na vumbi la viatu na uongo mwingi kuhusu shimo la mwisho, na Tabasamu alimsikiliza kwa raha.

Kisha nyonga yake ikaharibika. Alifanyiwa upasuaji, ukaenda vizuri, daktari akamwambia: kupiga mpira, sawa, taratibu, kutembea uwanja mzima na vilima vyake, sahau. Sista akanuna. Mfuko wa fimbo ukasimama nyuma ya mlango, baadaye akaufunika shuka, kama kitu cha aibu. Yeye akahamia kwenye kiti cha dirishani, akawa anatazama barabara isiyokuwa na lolote la kutazamwa.

"Nimepata mtu wa kuzinunua zile fimbo," alisema asubuhi moja huku akipaka siagi kwenye mkate, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba sabuni imeisha. "Mama wa duka la dawa. Anakuja kuzichukua Jumamosi mchana."

"Na wewe utapiga na nini?"

"Nipige wapi, baba? Sebuleni?"

Tabasamu alihuzunika sana. Alijua fimbo zikitoka nyumba ile, Sista hatatoka tena kwenye kile kiti. Lakini lile neno "sebuleni" lilimganda kichwani. Mchana akaingia studio, akasimama katikati ya vumbi, akatazama urefu wa chumba. Mwisho wa chumba, mahali pa pazia, mawazoni akaona turubai limetundikwa. Jirani aliyewahi kufanya kazi hoteli kubwa alishamsimulia kuhusu gofu ya ndani: unapiga mpira wa kweli kwenye turubai, kifaa kidogo kinapima mpira ulivyoruka, na projekta inakuonyesha uwanja na mpira wako ukienda zake. Halafu usiku, turubai hilo hilo ni sinema. Na sinema ndiyo ilikuwa kiu yake yeye, aliyekuwa akizitazama kwenye kompyuta ndogo akiwa amekunja shingo.

Akamwambia mkewe, "Nasafisha studio, usiingie, vumbi litakukohoza." Kisha akatoka mbio kwenda dukani.

Dukani alipokelewa na binti mwenye miwani na subira. Akamwashia projekta ya kwanza, na Tabasamu akapenda papo hapo. Nyeusi ya picha yake ilikuwa nyeusi kweli. Mtu huyu maisha yake yote alipigania nyeusi kwenye chumba cha kusafishia picha, na sasa ilikuwa ukutani, nene, imetulia, na nyuso za watu zikitokeza ndani yake polepole.

"Hiyo hiyo," alisema. "Nifungie."

"Ya kazi gani, baba?"

"Sinema. Na gofu."

Binti akavua miwani. Akauliza urefu wa chumba, upana, kimo cha dari. Kisha akatikisa kichwa. "Hii inataka kukaa nyuma kabisa. Anayepiga mpira atakuwa kati yake na turubai. Hutaona uwanja, utaona kivuli chake."

"Na ile ndogo ya kuweka chini, mbele?"

"Ile mpira utaivunja siku ya kwanza." Akamwashia ya tatu. "Hii inatoa picha pana ikiwa karibu, kwa hiyo utaitundika darini. Ina mwanga mkali, unaweza kuacha taa za chumba zikiwaka, maana kupiga mpira gizani ni kutafutana ubaya. Na tazama." Akazungusha pete iliyokuwa kando ya lenzi. Picha nzima ikateleza ukutani kwenda kulia, ikarudi kushoto, bila kupinda.

"Na nyeusi yake?"

Binti alikuwa mkweli. "Nyeusi yake ni kijivu, baba."

Tabasamu akasimama kati ya projekta mbili kwa muda mrefu, mteja mwingine akaja akahudumiwa akaondoka. Akaigusa ile ya kwanza kama anayemuaga ndugu kituoni. Akajipiga moyo konde.

"Nipe ya kijivu," akasema.

Fundi umeme alikuja Ijumaa, mtu mkubwa mwenye ngazi ndogo. Kitu cha kwanza alichotaka kufanya ni kuikata reli.

"Hii inatuzuia tu, mzee."

"Utanikata mimi kwanza."

Basi projekta ikafungwa kwenye reli hiyo hiyo, kwa kishikizo na bolti. Lakini dari ilikuwa fupi, haikufaa kuitundika katikati, juu ya kichwa cha mpigaji. Ilibidi ikae pembeni. "Mpigaji anasimama vipi?" fundi akauliza. Tabasamu akachukua ufagio, akasimama kushoto mwa mkeka wa nyasi bandia alioununua pamoja na turubai, akainama, akatikisa kiuno kama alivyowaona wacheza gofu kwenye televisheni. "Hivi."

"Basi yenyewe ikae kulia, mbali na wewe." Bolti ikakazwa. Tabasamu akazungusha ufagio kwa nguvu zote. Hakikuonekana kivuli wala ukucha wa kivuli. Akajisifu mpaka fundi akakusanya vifaa vyake akaaga.

Jumamosi asubuhi alimshika Sista mkono, akamwingiza.

Sista alisimama mlangoni na mkongojo wake. Mbele yake ukuta mzima ulikuwa uwanja: nyasi, miti, kibendera mbali, hata mawingu. Mfuko wake wa fimbo umesimama kando ya mkeka, bila shuka. Akajifanya anarekebisha kitambaa cha kichwa. Kisha akaweka mkongojo kwenye kile kigoda, akachagua fimbo, akaupita mkeka, akasimama upande wake. Upande wa kulia.

Uwanja ukapotea. Mahali pake pakasimama kichwa cheusi kikubwa chenye kitambaa, na mabega mapana kama kabati. Sista akainua fimbo taratibu, na juu darini kukasikika *ti*. Fimbo ilikuwa imeigonga projekta. Kivuli na mawingu vyote vikatikisika.

Tabasamu akautazama mkono wa kushoto wa mkewe kama anauona leo.

"Baba," akasema Sista polepole, "ulipima na nani?"

"Na mimi."

"Mimi na wewe tumeoana lini? Jana?"

Sista akahamia upande wa pili. "Si kitu, nitapiga kwa kulia." Akajaribu. Mpira ulibingirika kidogo ukasimama, kama mtoto aliyetumwa dukani asikotaka. Akajaribu tena, nyonga ikamchoma, akaiegemeza fimbo kwenye mfuko. Uso ukarudi kuwa ule wa dirishani. "Umejitahidi sana, mume wangu. Kweli. Itakufaa kwa sinema zako. Ngoja nikazifute hizi fimbo, yule mama yuko njiani."

Akanyoosha mkono kuuchukua mkongojo.

"Rudi ulipokuwa," Tabasamu akasema.

"Wapi?"

"Pale pale. Upande wako." Alikuwa ameshapanda kwenye ngazi yake ya zamani ya studio, akifungua bolti. "Usisogee wewe. Nitasogeza taa."

Akaishika projekta kama alivyozishika taa zake maisha yote, akaivuta. Krrr, krrr, ikapita darini hadi upande wa kushoto. Uwanja ukakimbilia ukutani, miti ikapanda juu ya swichi. Akaizungusha ile pete kando ya lenzi, na miti ikarudi, kibendera kikarudi, nyasi zikakaa katikati ya turubai. Kivuli hakikuwepo. Akakaza bolti, akashuka, akarudi nyuma, kulia kwa mkewe, mahali pake.

Sista akainua fimbo kwa mkono aliozaliwa nao.

*Pah!*

Mpira uligonga turubai, na mwenzake wa kwenye picha akapaa juu ya miti, akapinda, akatumbukia majini. Sista akapiga kelele ya furaha mpaka mbwa wa jirani akajibu.

"Umeingia bwawani!" Tabasamu alisema.

"Acha uingie! Nipe mwingine." Alipokuwa anaupanga mpira, akatupa jicho kwenye vivuli chini ya miti ya picha. Hakuolewa na mpiga picha bure. "Nyeusi ya hii mbona kijivu? Sinema zako je?"

"Kijivu nimeshakizoea. Nitazame kichwa, mvi tupu."

Sista alicheka, akacheka, ikabidi aketi kwenye kigoda apumzishe nyonga. Kisha akasimama tena.

Mchana mlango wa mbele uligongwa. Tabasamu akaenda kufungua. Mama wa duka la dawa alikuwa amesimama kizingitini, amevaa kofia mpya ya gofu.

"Nimefuata zile fimbo, baba."

"Samahani sana, mama. Haziuzwi tena."

"Kwani kuna nini? Si tulishakubaliana na Sista?"

Nyuma ya nyumba kukasikika *pah*, kisha sauti ya mwanamke akiutukana mpira kwa mapenzi makubwa.

"Mwenyewe anazitumia," akasema Tabasamu.