Kahawa ya Baba na Ubongo wa Kisogoni

Baba alikuwa muuza kahawa. Mkono wa kushoto alibeba dele, birika la shaba lenye makaa chini yake, na mkono wa kulia vikombe viwili vitupu, akivigonganisha kwa vidole njia nzima kutoka nyumbani Kikwajuni mpaka kwenye baraza moja ndani ya Mji Mkongwe. Watu walimjua kwa mlio ule kabla hajapinda kona.

Ugonjwa ulianzia kwenye mlio. Kikombe kimoja kiligonga, cha pili kikasita, kisha kikaja kwa nguvu. Nilidhani amechoka. Baadaye akawa anatembea ametanua miguu, akishika kuta za vichochoro, na ulimi ukawa mzito.

Siku moja barazani kahawa ilikipita kikombe ikammwagikia mteja, fundi viatu, mapajani.

"Ebo! Bwana kahawa, leo umepitia kwenye tembo?"

Baba akataka kujitetea. Maneno yakatoka yamevutika na kukatikakatika, kama ya mlevi hasa.

"Msikieni! Mpeni ndimu anyonye, ulevi umtoke!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba hakuwahi kuonja tembo maishani mwake. Jioni ile msikitini, mtu aliyesimama kando yake alimwinamia akamnusa.

Nikampeleka hospitali. Daktari, Mhindi aliyesema Kiswahili safi, alimwambia aguse pua yake, halafu aguse kidole cha daktari. Kidole cha Baba kilikwenda vizuri, kikakaribia, kikaanza kutetemeka, kikapita pembeni. Akamwambia apige paja kwa kiganja, kisha kwa mgongo wa mkono, upesi upesi. Hakuweza. Daktari hakuuliza habari za ulevi. Alinishika mimi kisogo ili Baba aone.

"Hapa, chini ya ubongo mkubwa, upo mwengine mdogo. Ule mkubwa unaamuru: inua dele, mimina. Huu wa nyuma unapata habari ya amri hiyo, na unapata habari kutoka mkononi, miguuni na ndani ya sikio, kujua mwili umefika wapi. Unalinganisha. Mkono ukitaka kuzidi, unaurudisha kabla wewe mwenyewe hujajua. Katikati yake ndiko kunakoshika mwendo na msimamo. Ubavu wa kulia unaangalia mkono wa kulia, wa kushoto unaangalia wa kushoto."

Akachukua karatasi akachora mikunjo myembamba iliyobanana. Ndani ya mikunjo akachora vitu kama miti, matawi yake bapa, vimejipanga safu moja. Kila mti, alisema, hupokea habari kutoka nyuzi nyingi mno, na jawabu lake hutoka kwa uzi mmoja tu.

"Nadhani hivi ndivyo vinavyokufa kwako, mzee wangu."

"Na akili?" Baba aliuliza. Neno hilo moja lilimchukua muda.

"Akili yako ni nzima."

"Dawa?"

"Sina. Kinachokufa pale hakirudi."

Njiani Baba alinishika bega. "Waambie wewe. Mimi nikisema, nimelewa."

Mimi si msemaji. Shuleni, miaka ile michache niliyosoma, nilikuwa nikijua jawabu nikanyamaza. Lakini jioni ile nilisimama mbele ya baraza, Baba kando yangu na dele lake, nikawaamkia, nikasema yote huku nikitazama makubadhi yao: kisogo, mikunjo, amri inayofika mkononi bila wa kuipima. Nilikwama mara nyingi. Hawakunikatiza.

"Kwa hivyo hajanywa?" aliuliza fundi viatu.

"Hajapata kunywa, ami."

"Na atapoa?"

"Daktari amesema hatapoa."

"Lahaula," mmoja akasema polepole.

Fundi viatu akainuka, akamshika Baba mkono, akamwomba radhi mbele ya wote. Nilihisi kifua kimefunguka. Baba akainua dele ili ammiminie. Yule bwana akaliwahi, akalitoa mkononi mwake taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Kaa, ndugu yangu, kaa. Nitamimina mwenyewe."

Akamimina. Akampa mwenzake dele, naye akamimina. Baba aliketi katikati yao, mikono magotini, akatiliwa kahawa yake mwenyewe, na mtu wa kando akamshikia kikombe anywe. Walipomdhania mlevi walimtukana, lakini walinyoosha mikono awape, kwa sababu mlevi kesho huamka mzima. Sasa waliniamini, na hakuna aliyenyoosha mkono Baba ampe.

Tulirudi nyumbani nikiwa nimelibeba dele mimi. Karibu na mlango Baba alisimama, akaegemea ukuta.

"Umesema vizuri," aliniambia. "Wamekuamini."

Hakutoka tena na kahawa.